Bega Langu na Shemeji Yangu

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne nilimpoteza mke wangu asubuhi, na jioni yake, kabla jua halijazama, nikapoteza bega la kulia. Hilo la kwanza sitalieleza sana, sina maneno yake. La pili naweza kulieleza, maana lilinipa mambo ya kucheka katika mwaka ambao sikutegemea kucheka.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Udongo wetu wa Misima ukilowa huteleza kama sabuni. Kaburini tulishuka watatu kumpokea, mimi, mtoto wa kaka yangu, na shemeji yangu, yaani mdogo wake marehemu. Tulipomaliza kumlaza wao walipanda kwanza. Mimi nilibaki nyuma kidogo, kwa sababu sikuwa na haraka ya kutoka. Shemeji akainama, akanipa mkono, nami nikampa wangu wa kulia. Akavuta. Wakati huo huo miguu yangu ikateleza, mwili ukabaki chini na mkono ukaenda juu. Nikasikia bega likitoka mahali pake kwa sauti ndogo, kama hindi bichi linapokonyolewa.

Nilipiga yowe. Mimi si mtu wa kupiga yowe, na pale makaburini kila mtu alijua hivyo, kwa hiyo wote wakaanza kulia upya. Wakadhani ni uchungu wa mke. Mmoja akanishika kiuno akasema, "Jikaze, ndugu yangu, jikaze." Mwingine akamjibu, "Mwache alie, alimpenda." Mimi nilikuwa najaribu kusema "bega", lakini neno halikutoka. Shemeji mwenyewe, machozi yakimtiririka, akanikumbatia kwa nguvu upande ule ule ulioumia, nikapiga yowe la pili. Hapo hata wachimba kaburi wakaweka majembe chini.

Waligundua baadaye, watu walipopanga mstari kunipa mkono wa pole nami nikawa nawapa wa kushoto. Mzee mmoja alikataa kuupokea. Akaniambia kwa upole kwamba msiba ni msiba, lakini adabu ibaki. Nikamwonyesha bega lilivyokaa. Akamwita shemeji, akasema, "Huyu halii mke peke yake."

Walinipeleka Korogwe jioni ile ile kwa gari la jirani. Daktari akalirudisha bega mahali pake, akanifunga mkono shingoni, akasema baada ya majuma matatu nianze kuusogeza kidogo kidogo. Nilimsikia vizuri. Shemeji naye alikuwepo, naye alisikia.

Sasa lazima nieleze kwa nini bega lile lilikuwa na maana kuliko mabega mengine. Mimi ni mtu wa upinde. Siwindi, mambo ya kuwinda yalikwisha kabla sijaota ndevu. Sisi tunalenga tu. Kila mwaka mahindi yakishavunwa, wanaume wa upande wetu wa kijito na wanaume wa ng'ambo tunakutana kwenye shamba lililovunwa. Tunafunga furushi la makapi ya katani juu ya mti, tunasimama mbali, na kila mmoja anapiga mishale yake. Upande ukishindwa, wanaume wake wanachota maji na kupika ugali wa siku hiyo, na wanawake wanakaa kwenye mikeka wakitoa amri.

Mke wangu alitoka ng'ambo. Kwa hiyo siku ya kulenga aliamka, akanipikia uji, akaniombea dua, kisha akavuka kijito kwenda kukaa na watu wake na kunizomea. Miaka yote ya ndoa yetu alinizomea. Nikivuta upinde nilimsikia yeye kuliko wote: "Baba wee, mbona unatetemeka? Umekula?" Mdogo wake ndiye mlengaji hodari wa ng'ambo, nao walikuwa wanazomea kwa zamu, mmoja akipumzika mwingine anapokea. Sijawahi kupiga mshale katika ukimya, na sidhani kama ningeweza.

Basi. Baada ya msiba, kosa letu lilikuwa hili. Kwetu mfiwa hafanyi kazi. Anakaa, watu wanamfanyia. Na aliyevunjika au kuteguka hafanyi kazi pia. Mimi nilikuwa vyote viwili, kwa hiyo nilifanyiwa mara mbili. Majirani walipalilia mahindi yangu. Wanawake walileta maji mpaka mitungi yote ikajaa, wakaanza kujaza ndoo. Na shemeji, ambaye moyoni alijua ni yeye aliyeuvuta mkono ule, alihamia kwangu. Alinivalisha shati. Alinikata kucha. Alikaa mbele yangu na sahani, akikata tonge la ugali na kulichovya kwenye mchuzi.

"Fungua mdomo, shemeji."

"Nina mkono wa kushoto, naweza kutumia kijiko."

"Mkono wa kushoto ni wa mambo mengine. Fungua."

Nikafungua. Alikuwa akitengeneza matonge makubwa kama ya mtu anayelisha ng'ombe wa maksai, lakini nilimeza, maana macho yake yalikuwa mekundu.

Kitu kilichoniuma kuliko bega ni kwamba aliacha kunitania. Alikuwa amenitania tangu siku ya posa. Sasa akawa mpole. "Umeamkaje, shemeji? Umelala salama, shemeji? Nikuletee mto, shemeji?" Niliposema jambo la kijinga alisema ni kweli. Nyumba ilikuwa imempoteza mama yake, na mimi nikaona nimempoteza na shemeji pia, ingawa alikuwa amekaa mbele yangu na tonge mkononi.

Majuma matatu yakapita, na mengine yakapita juu yake. Sikuusogeza mkono. Ile kamba ya hospitali nilikuwa nimeibadilisha, nikaufunga mkono kwa khanga ya marehemu, ile ya kijani aliyokuwa akiivaa shambani. Nitasema ukweli: baada ya muda nilikuwa naufunga si kwa sababu ya bega. Khanga ile ilikuwa bado na harufu ya moshi na mafuta ya nazi.

Siku moja nilikuwa peke yangu ndani. Upinde wangu unaning'inia ukutani kwenye kigingi, juu kidogo ya kichwa changu. Nikafungua khanga, nikanyoosha mkono wa kulia kuuchukua. Mkono ulifika usawa wa kifua ukasimama. Haukuuma sana, ulisimama tu, kama mlango wenye komeo upande wa pili. Nikajaribu tena, nikajikuta naegemeza mwili wote upande mmoja kama mti unaoanguka, na vidole bado viko mbali na kigingi.

Hapo niliogopa. Niliona mahindi nje yameanza kukauka. Niliona siku ya kulenga imefika, nami nimeketi kwenye kiti cha plastiki pamoja na wasiojiweza, napewa chai, na watu wanapita wakiniambia pole. Nilijua kwamba nikikaa kwenye kiti kile mwaka huu, mwaka kesho watakileta wenyewe bila kuniuliza.

Nilimpigia simu binti yangu aliyeolewa Old Korogwe. Akaja kesho yake. Shemeji alinifungia mzigo wangu, akataka kuja pia. Binti yangu akamwambia, "Mjomba, wewe baki. Baba anakwenda kutibiwa." Nilicheka peke yangu njiani mpaka Sindeni.

Hospitalini tulipelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mzaliwa wa Vugiri, kule milimani, na hata kwenye sakafu ya hospitali alitembea kama mtu mwenye kilima mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyoosha mkono juu."

Nikanyoosha wa kushoto.

"Vizuri sana. Huo mzima. Sasa ule uliokuleta."

Aliuangalia mkono ukisimama usawa wa kifua. Akaushika kiwiko, akaupeleka huku na huku, akawa ananiuliza kama polisi.

"Nani anakuvalisha shati?"

"Shemeji."

"Nani anakulisha?"

"Shemeji."

"Na shamba?"

"Shemeji na wenzake."

"Huyo shemeji anakupenda?"

"Sana."

"Basi ndiye aliyeligandisha bega lako. Kuteguka kulikwisha zamani, baba. Hili limeganda kwa kupendwa."

Binti yangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilijaribu kumtetea shemeji, nikashindwa.

"Na khanga hii?" dada akauliza.

Binti yangu alirudi mlangoni akasema, "Ya mama."

Yule dada hakusema pole wala neno lolote la kitabibu. Alilifungua fundo polepole, akaikunja khanga, akampa binti yangu. "Aivae mwenye kiuno," akasema. Binti yangu akajifunga pale pale. Ilimkaa vizuri. Mkono wangu ukabaki wazi, mwepesi, nikawa sijui niuweke wapi.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza. "Unataka mkono huu ufanye nini?"

Nikamwambia kuvuta upinde, baada ya mavuno. Nilitegemea acheke. Akasema, "Uje nao."

Nikakaa kwa binti yangu, jirani na mto. Mazoezi yalikuwa ya kuchekesha. La kwanza niliinama kama ninayetafuta shilingi chini, mkono ukining'inia na kuzunguka kama kamba ya kisima. La pili nilisimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole, kimoja baada ya kingine, kama buibui anayepanda. Nilifanyia nje, upande wa barabara, kwa sababu ndani mlikuwa na joto. Wanawake waliokwenda sokoni walinisalimia, na wakirudi walinikuta bado napandisha vidole ukutani. Mmoja alimuuliza binti yangu kwa sauti ya chini kama mzee wake yuko salama kichwani. Binti yangu akamjibu, "Anapima nyumba kwa vidole, anataka kutuongezea chumba." Habari ile ikaenea, na watu wawili walikuja kuuliza kama ninafanya na kazi za nje.

Zoezi la tatu lilikuwa la mpira wa ndani wa baiskeli, umefungwa kwenye nguzo ya baraza, nauvuta kuelekea kifuani na kuurudisha. Lile liliniuma. Kuna asubuhi nilivuta nikatokwa na machozi, na binti yangu akanipitia na beseni la nguo kichwani akasema tu, "Vuta, baba." Alisema kama mama yake. Nikavuta.

Jirani aliyekuwa na safari ya Misima aliniletea upinde, umefungwa ndani ya mkeka. Nikaupeleka hospitalini siku yangu ya zamu. Mlinzi wa getini akaufungua mkeka, akatazama, akanitazama.

"Mzee, huyu daktari amekukosea nini?"

"Ameniambia nije nao."

"Amekuambia uje umpige?"

"Mishale sina. Nimeiacha nyumbani."

"Ndiyo maneno ya mtu aliyekusudia." Akanipitisha, lakini alinisindikiza mpaka mlangoni, na hakurudi getini, alisimama pale kutazama.

Dada wa mazoezi aliupokea upinde akaupima kwa mkono, akaujaribu. Alivuta ugwe mpaka nusu, uso ukakunjamana. Nikaona vidole vyake vinataka kuachia.

"Usiachie!" nilipaza sauti. Wagonjwa wote wakageuka. Mama aliyekuwa anajifunza kutembea na magongo alisimama kama sanamu.

Nikaeleza. Upinde usio na mshale hauachiwi, utapasuka mikononi mwako. Ukishauvuta, unaurudisha polepole, kwa nguvu ile ile uliyovutia. Akaurudisha, jasho likimtoka, kisha akacheka. Akasema kumbe tiba yangu nilikuwa nimeitundika ukutani kwangu muda wote. Kuanzia siku ile zoezi langu likawa hilo, kuvuta kidogo bila mshale, kushikilia, kurudisha polepole. Kurudisha ndiko kulikolijenga bega, alisema. Mlinzi akawa akiniona anapiga kelele toka getini, "Usiachie, mzee!" na kujicheka mwenyewe.

Mkono ulipanda. Ulifika kidevuni, ukafika sikioni. Siku niliyojifunga kilemba changu mwenyewe kwa mikono yote miwili, binti yangu alipiga vigelegele jikoni akaunguza maandazi.

Nilirudi Misima mahindi yamekwisha vunwa. Shemeji alinipokea barabarani, akachukua mzigo, akataka kuchukua na upinde. Nikamkatalia. Jioni akaleta sahani, akakaa mbele yangu, akakata tonge. Nikamshika kifundo cha mkono kwa mkono wangu wa kulia, nikauelekeza kwenye mdomo wake mwenyewe, akala. Akatafuna akinitazama. Akasema, "Haya, shemeji." Lakini bado kwa upole.

Siku ya kulenga ilikuja, anga jeupe, vumbi jingi. Watu walijaa pande zote mbili. Nilipoingia shambani na upinde wangu, mazungumzo yalipungua. Wakanipisha, wakaniambia pole, pole mzee, na kweli kiti cha plastiki kilikuwepo kivulini, kimewekwa mto. Nikapita nikasimama kwenye mstari.

Nikaweka mshale. Nikavuta. Bega lilisema maneno yake, lakini lilikwenda. Na ng'ambo yote ilikuwa kimya. Hakuna aliyezomea. Walikuwa wananiheshimu, wote, mikono wameifunga mapajani kama watu wanaosikiliza mawaidha. Katika ukimya ule nilisikia ugwe ukilia sikioni mwangu na nikajua sauti gani haipo. Nikaachia. Mshale ukaanguka njiani, mbali na furushi, ukasimama kwenye mabua.

Watu wakasema, "Si haba, si haba." Sijawahi kusikia neno baya kama hilo.

Nikageuka nikamtazama shemeji. Alikuwa amesimama na upinde wake, uso wa msiba. Nikamwambia, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Dada yako angekuwepo, angekuonea aibu. Umekaa kimya kama mkwe!"

Midomo yake ilichezacheza kidogo. Nilidhani atalia. Kisha akafungua mdomo wake mkubwa, akapiga kelele mpaka ng'ambo ya ng'ambo:

"Shemeji! Hapo ulipopiga kuna nani? Unadaiana na mabua?"

Shamba zima lililipuka. Mama mmoja wa kwao akapokea, "Mleteeni miwani!" Mwingine, "Mleteeni furushi lenyewe, alilengee mapajani!" Watu walijipigapiga magoti. Mimi nilicheka mpaka ikabidi nishushe upinde, nikafuta macho kwa kiganja cha kulia, nikavuta tena. Sasa nilikuwa nazomewa vizuri. Shemeji alikuwa hapumziki, hana wa kupokezana naye, akawa anazomea zamu mbili. "Unatetemeka! Umekula? Nani alikulisha?" Nikaachia.

Mshale ulikwenda ukajishikiza kwenye ubavu wa furushi, chini, ukaning'inia.

Upande wetu waliruka juu. Ng'ambo wakasema haujaingia. Tukakimbilia kule, shemeji mbele na mimi nyuma yake, na tulipofika tukiwa bado tunabishana mshale ukadondoka wenyewe miguuni pake.

"Umeona! Umeanguka!"

"Umeuangusha kwa kelele zako!"

"Mshale unaogopa kelele?"

"Za kwako, hata ng'ombe wanaogopa."

Tulimwita mwamuzi, mzee mfugaji jirani yetu, ambaye si wa upande huu wala ule na ndiyo sababu huwa tunamkubali. Alikuja taratibu na fimbo yake, akatazama furushi, akatazama mshale chini.

"Mimi niliuona umekaa," alisema. "Halafu sikuuona."

"Kwa hiyo?" tukauliza pamoja.

"Kwa hiyo nina njaa."

Maji siku ile yalichotwa na pande zote mbili, tukigombana njia nzima. Lile jambo halijakwisha. Juzi nilikuwa nje napukuchua mahindi, shemeji akapita barabarani na baiskeli. Hakushuka wala hakusalimia. Alipunguza mwendo tu, akapaza sauti, "Ule mshale ulianguka!"

Nikamwambia, "Uliingia kwanza!"

Akakanyaga pedeli, akaenda zake.